Hesabu Kwanza, Mgawo Baadaye: Hotuba kwa Wasimamizi na Warithi wa Mirathi Iliyokaa Miaka Bila Kufungwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na asanteni kwa kunisikiliza. Nimeombwa nizungumze juu ya msimamizi wa mirathi, na hasa yule aliyeshika mirathi iliyokaa miaka kumi, kumi na tano, pengine ishirini, bila kufungwa. Najua humu ndani mpo wa aina mbili. Mpo mliotajwa kwenye wosia au kuteuliwa na mahakama, jalada liko kabatini, na ndugu akipiga simu mnajua ataanza na salamu na atamalizia wapi. Na mpo mnaosubiri fungu lenu, ambao mmeuliza mpaka mmechoka kuuliza. Nitasema nanyi nyote kwa pamoja, maana kila upande ukisikia haki zake peke yake, mtaondoka hapa na ugomvi uleule mliokuja nao.

Ninachotaka mkibebe ni kimoja. Mirathi iliyochelewa haifunguki kwa kuanza na mgawo. Inafunguka kwa hesabu. Familia nyingi hukaa kikao baada ya kikao zikibishana nani achukue nyumba na nani achukue kiwanja, na wakati huo hakuna hata mmoja mwenye karatasi inayoonyesha marehemu aliacha nini, kimeingia nini tangu siku ile, kimetoka nini, na kimebaki nini. Watu wazima wanagombania kitu ambacho hakijapimwa. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali inapotimia kama kwenye mirathi.

Kwanza tujue msimamizi ni nani. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria uliotoka Uingereza, mtu akifariki mali yake haiendi moja kwa moja mikononi mwa watoto. Ufaransa na nchi za mfumo wake warithi huipokea moja kwa moja, lakini kwetu sisi wa mfumo huu katikati yupo mtu. Kama marehemu aliacha wosia na akamtaja mtekelezaji, mamlaka ya mtekelezaji huyo yanatoka kwenye wosia wenyewe tangu siku ya kifo, na mahakama inakuja kuyathibitisha. Kama hakuna wosia, mahakama humteua msimamizi, na huyo mamlaka yake yanatokana na barua ya usimamizi. Kabla ya kuipata hana nguvu ya kudai hata kodi ya chumba kimoja. Na asiye na wosia wala barua akaanza kuuza, kupangisha au kujigawia, anaingilia mali ya marehemu. Kenya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinalifanya hilo kuwa kosa la jinai.

Mamlaka yakishakamilika, mali husimama kwa jina la msimamizi. Jina lake linaingia kwenye hati na kwenye akaunti ya mirathi benki. Hapa ndipo miaka inapofanya kazi yake mbaya. Mwaka wa kwanza kila mtu anajua jina lile limewekwa kwa niaba ya wote. Mwaka wa tano wapangaji wanamwita mwenye nyumba. Mwaka wa kumi na mbili watoto wake wamekua wakiamini nyumba ni ya baba yao, na wajomba wanaouliza wanaonekana wachokozi. Hakuna aliyekaa akapanga kuiba. Uangalizi umegeuka umiliki polepole, mbele ya macho ya watu wote, kwa sababu hakuna karatasi iliyokuwa ikiwakumbusha. Ndiyo maana nawaambia wasimamizi waliomo humu: hesabu inawalinda ninyi kabla haijawalinda warithi.

Kazi za msimamizi zinatamkika kwa pumzi moja: akusanye mali, alipe madeni, agawe kilichobaki. Mpangilio huo haubadiliki kwa matakwa ya mtu. Gharama za mazishi na madeni hutangulia mgawo. Sheria ya Kiislamu nayo ina mpangilio wake unaofanana: mazishi, kisha deni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wapewe mafungu yao. Msimamizi anayegawa kabla ya kulipa madeni anaweza kudaiwa yeye binafsi, kutoka mfukoni mwake, mdai wa marehemu akijitokeza na mirathi ikawa mikono mitupu.

Kuhusu muda, sheria hazinyamazi, ingawa wengi wanaishi kana kwamba zimenyamaza. Uingereza, sheria ya mwaka 1925 inasema msimamizi halazimiki kugawa kabla ya mwaka 1 kupita tangu kifo. Mwaka huo ni nafasi yake ya kufanya kazi bila kusukumwa. Ukipita, hajavunja sheria kwa kupita tu, lakini sasa anayepaswa kueleza ni yeye. Na aliyeachiwa kiasi cha fedha katika wosia huanza kuhesabiwa riba kuanzia hapo. Tanzania, chini ya sheria yake ya mirathi, Sura ya 352, orodha ya mali inatakiwa mahakamani ndani ya miezi 6 tangu kuteuliwa, na hesabu ndani ya mwaka 1. India, kwa sheria yake ya 1925, ni vivyo hivyo. Kenya inampa msimamizi miezi 6 tangu hati yake kuthibitishwa amalize kazi na atoe hesabu. Kote huko mahakama inaweza kuongeza muda, lakini lazima iombwe. Nimekutana na majalada mengi ambamo muda ulipita miaka mingi nyuma na hakuna hata barua moja ya kuomba nyongeza. Msimamizi alikuwa anafanya kazi, pengine kwa uaminifu mkubwa, lakini machoni pa sheria alikuwa ameshakosea, na mwenye kinyongo naye ana silaha mkononi.

Sasa, kuchelewa kwingine kuna sababu za haki. Hati imepotea. Mpaka wa kiwanja una mgogoro. Mrithi mmoja yuko nchi nyingine na hapatikani. Kodi ya serikali haijakadiriwa. Mwanamuziki Prince alifariki Marekani Aprili 2016 bila kuacha wosia. Mahakama iliwatambua ndugu zake sita kuwa warithi mwaka 2017, lakini mabishano juu ya thamani ya mali na kodi yalivuta mpaka 2022, mirathi ilipokubaliwa kuwa na thamani ya dola milioni 156. Katika kusubiri huko, ndugu wawili kati ya sita walikuwa wameshafariki. Hao walikuwa na mabenki na mawakili wa kila aina. Kwa hiyo simlaumu kila msimamizi aliyechelewa. Ninachosema ni kwamba sababu ya haki ikiwepo, iandikwe na watu waambiwe. Ndugu akiandikiwa kila baada ya miezi michache kwamba jambo fulani limekwama mahali fulani na hatua inayofuata ni hii, anavumilia kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani. Ukimya ndio unaomfanya aanze kuhesabu magari yako.

Nikae kidogo kwenye hesabu yenyewe, kwa sababu wengi wanaogopa. Wanasema: miaka kumi na minne imepita, nitaanzia wapi?

Anzia siku ya kifo. Chukua daftari kubwa au jedwali la kompyuta, andika tarehe ile juu kabisa, na chini yake orodhesha mali kama ilivyokuwa siku hiyo, wala si kama ilivyo leo. Gari lililouzwa mwaka uliofuata linaandikwa. Fedha zilizokuwa benki zinaandikwa kwa kiasi cha siku ile. Peleka barua ya usimamizi benki, uombe taarifa ya akaunti ya kipindi hicho. Andika waliokuwa wanamdai marehemu na aliokuwa anawadai. Wengi husahau hawa wa pili, na deni la watu likikaa bila kudaiwa linakufa kwa kupitwa na muda, nawe uliyepaswa kulidai ndiye utakayeulizwa.

Kisha fungua upande wa kilichoingia na upande wa kilichotoka. Hapa msiandike sentensi, andikeni mistari. Tuseme nyumba ya mirathi ina vyumba sita, vinne vimepangishwa, na msimamizi kila akiulizwa hujibu, "Kodi yote imekwenda kwenye matengenezo na ada za shule." Jibu hilo ndugu wameshalisikia mpaka wanalijua kwa moyo, na hakuna anayeliamini hata kama ni la kweli. Livunjeni. Chumba cha kwanza: mpangaji alikaa kuanzia Januari 2015 hadi Agosti 2017, miezi 32, kodi ya mwezi kiasi hiki. Septemba hadi Novemba chumba kilikuwa kitupu. Desemba akaingia mwingine. Upande wa pili: Machi 2016 paa la nyuma lilibadilishwa, bati kiasi hiki, mbao kiasi hiki, ujira wa fundi kiasi hiki. Kodi ya ardhi ya mwaka huo, kiasi hiki. Halafu ada ya shule. Ada imelipwa kwa mtoto gani wa marehemu? Kama ni mdogo wenu wa mwisho, na wosia wala sheria haikumpa haki ya kutunzwa kutoka kwenye mirathi yote, basi hayo si matumizi ya mirathi. Ni sehemu ya fungu lake aliyotanguliziwa, na inaandikwa kwenye jina lake, isipokuwa wengine wote wakubali kwa maandishi kuisamehe.

Mtasema risiti hazipo. Nyingine zipo lakini zimefutika, maana risiti za siku hizi za mashine huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia zikabaki karatasi nyeupe. Kwa hiyo kuanzia leo kila risiti itolewe nakala au ipigwe picha siku ileile. Kwa zile za zamani, andika ukweli: pembeni ya mstari weka "hakuna risiti", halafu eleza kiasi umekipataje. Taarifa za miamala ya simu na za benki huombwa tu zikatolewa. Fundi aliyejenga paa yuko hai na anaweza kuandika mistari miwili na kutia sahihi. Mpangaji wa zamani anakumbuka alikuwa analipa kiasi gani. Hesabu yenye mapengo yaliyokiriwa inaaminika kuliko hesabu isiyo na pengo hata moja baada ya miaka kumi na minne. Hakimu anajua hilo, na dada yako pia anajua.

Mwisho wa hesabu ni mstari wa kilichobaki na mahali kilipo leo. Siyo "zipo". Ziko akaunti gani, kwa jina la nani. Kama fedha za mirathi zimekuwa zikikaa kwenye akaunti yako binafsi pamoja na mshahara wako, zitoe leo, ufungue akaunti ya mirathi, na tarehe ya kuzihamisha iandikwe. Kuchanganya fedha ni kosa hata kama hukula hata senti, kwa sababu siku ukifariki au ukidaiwa, mali ya watu inaweza kuhesabiwa kuwa yako.

Kuna jambo moja kwenye wajibu wa msimamizi ambalo watu waadilifu kabisa huliona ni dogo, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote: kujinufaisha. Mwaka 1726 kesi ya Keech na Sandford ilifika mbele ya jaji Lord King huko Uingereza. Mtu mmoja alikuwa ameshika, kwa niaba ya mtoto mdogo, haki ya kukodi mapato ya soko la Romford. Mkataba ulipokaribia kuisha aliomba uhuishwe kwa ajili ya yule mtoto. Mwenye soko akakataa, akisema mtoto hawezi kufungwa na mkataba. Basi yule mwangalizi akauchukua kwa jina lake mwenyewe. Tazameni vizuri: hakudanganya, alimwombea mtoto kwanza, na mtoto asingeupata mkataba ule kwa njia yoyote. Hata hivyo mahakama iliamuru auhamishie kwa mtoto na atoe hesabu ya faida yote aliyoipata. Sababu yake ni kwamba mwangalizi akiruhusiwa kuchukua kilichokataliwa kwa anayemwangalia, siku zote atakuwa na sababu ya kutojitahidi sana anapoomba kwa niaba ya mwenzake. Karibu miaka 300 imepita na mahakama bado zinaitegemea hukumu ile. Kwa hiyo msimamizi anayesema, "Kiwanja kilikuwa kinauzwa, hakuna ndugu aliyekuwa na fedha, nikakinunua mimi kwa bei ya soko," asishangae kuhojiwa. Kununua mali unayoiuza wewe mwenyewe kunawezekana pale tu wosia unaporuhusu, au warithi wote watu wazima, wenye habari kamili, wanapokubali, au mahakama inapotoa ruhusa. Si baada ya kununua. Kabla.

Tuje kwa ndugu anayekaa ndani ya nyumba. Karibu kila mirathi iliyokaa sana ina mmoja. Mara nyingi ndiye aliyemuuguza mzazi, akabaki. Ndugu wengine wanamwona amejimilikisha, yeye anawaona hawana shukrani. Wote wana neno la haki. Hapa msimamizi hana budi kuamka, kwa sababu kumwacha mtu akae bure miaka kumi ni uamuzi, hata kama hakuna aliyeutamka. Wekeni thamani ya makazi yale: kama chumba kile kingepangishwa, kingeingiza nini? Upande wa pili wekeni alichokitoa yeye: alilipa kodi ya ardhi, alijenga choo kipya, alizuia watu wasivamie. Ondoeni kimoja kwenye kingine. Wakati mwingine ndugu mliyekuwa mnamlaumu anatoka akiwa anaidai mirathi. Nimeyaona haya yakitokea, na sura za watu mezani zilibadilika. Muuguzi wa mzazi apewe heshima yake, na kama mnataka kumpa zaidi ya fungu lake, mpeni kwa makubaliano yaliyoandikwa, wala msimwachie kukaa kwa ukimya kukawa ndiyo zawadi.

Na kadiri mnavyochelewa, idadi inabadilika. Marehemu aliacha watoto watano wanaorithi sawa: kila mmoja moja ya tano. Mmoja wao akafariki mirathi ikiwa bado, akaacha watoto wanne nao wakirithi sawa. Moja ya tano yake haifi, wala hairudi kwa wajomba na mashangazi. Inaingia kwenye mirathi yake yeye, na kila mtoto wake anapata moja ya ishirini ya mali ya babu. Lakini mwangalie: msimamizi wa mirathi ya babu hawagawii wajukuu hao moja kwa moja. Anamkabidhi msimamizi wa mirathi ya baba yao, kwa kuwa baba yao naye huenda aliacha mke, madeni, pengine wosia, na hapo mafungu yao yatabadilika. Kama hakuna msimamizi huyo, ateuliwe kwanza. Familia nyingi huruka hatua hii kwa nia njema, wakampa mjukuu mkubwa bahasha "awagawie wenzake", na hapo wamezaa mgogoro wa pili kabla wa kwanza haujaisha.

Msimamizi mwenyewe akifariki je? Kiti hakirithiwi na mtoto wake. Mtoto wa msimamizi akikuta funguo, hati na daftari la kodi mezani kwa baba yake, wajibu wake ni kuvitunza na kuvikabidhi, basi. Uingereza kuna njia moja ambapo mtekelezaji wa wosia wa mtekelezaji wa mwisho anaendelea na kazi, lakini hiyo ni kwa waliotajwa kwenye wosia na wosia zote mbili zikathibitishwa. Aliyeteuliwa na mahakama hana mnyororo huo. Warithi hurudi mahakamani, akateuliwa mwingine kwa ajili ya ile sehemu ambayo haijasimamiwa.

Nimesema sana wajibu. Sasa haki za msimamizi, na hapa naomba mnaosubiri mafungu msikilize kuliko wenzenu.

Msimamizi ana haki ya kurudishiwa kila gharama halali aliyotumia kwa ajili ya mirathi: ada za mahakama, nauli za kufuata hati, ujira wa mpima ardhi, wakili pale alipohitajika. Zinatoka kwenye mali kabla ya mgawo. Siyo hisani yenu, ni deni. Ujira wa kazi ni suala lingine. Tangu karne ya 18 mahakama za Uingereza zimeshikilia kwamba anayeshika kazi hii halipwi kwa muda wake, isipokuwa wosia, sheria au makubaliano yaruhusu. Lakini mtu amefuatilia mali yenu miaka minane, ameacha shughuli zake, na hana anachodai kisheria. Warithi wote wanaweza kukubaliana kumlipa, na kwa maoni yangu katika mirathi ndefu wanapaswa kufanya hivyo, kwa kiasi kinachotajwa waziwazi. Kinachomfanya mtu ajilipe kwa siri mara nyingi ni kwamba hakuna aliyemfikiria kwa wazi.

Ana haki ya kushika nyaraka zote na kudai mali iliyo mikononi mwa mtu yeyote, awe kaka mkubwa, awe mjane, awe mdogo wa marehemu aliyeazimwa gari. Akidai hati ya nyumba hajakosa adabu, anafanya kazi aliyopewa. Ana haki ya kutosukumwa agawe kabla madeni hayajajulikana. Pale sheria inapomtaka atoe tangazo kwa wanaomdai marehemu, akalitoa kwa muda uliowekwa, miezi 2 kwa mfano huko Uingereza, basi akigawa baada ya hapo analindwa dhidi ya mdai ambaye hakuwa anamjua. Ana haki ya kuiomba mahakama maelekezo pale wosia unapokuwa na maneno mawili yanayogongana, au ndugu wanapomvuta huku na huku. Naitaja haki hii kwa mkazo kwa sababu haitumiki. Wasimamizi wengi hukaa miaka wakiogopa kuamua, wakati hakimu yupo, na akishaelekeza lawama haiwi yao tena.

Akiwa naye ni mrithi, ana haki ya fungu lake sawasawa na wenzake. Usimamizi hauliongezi, na wala haulipunguzi.

Na ana haki ya kupumzika. Aliyetajwa kwenye wosia anaweza kukataa kabla hajaanza kuigusa mali. Akishaanza, hawezi kutupa funguo na kuondoka, anahitaji mahakama imruhusu na akabidhi hesabu. Mwimbaji Aretha Franklin alipofariki mwaka 2018 familia iliamini hakuna wosia. Mwaka uliofuata zikaonekana karatasi alizoandika kwa mkono, nyingine chini ya mto wa kochi. Mpwa wake aliyekuwa akisimamia alijiuzulu mwaka 2020 ugomvi ulipokolea, mwingine akashika, na mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Michigan likaamua kwamba karatasi ya 2014 ni wosia halali. Kujiuzulu kwa utaratibu hakukuivunja mirathi. Kung'ang'ania kiti huku huwezi kazi ndiko kunakoivunja. Na mliosema mmetafuta wosia kila mahali, rudini mkatafute tena.

Kumwondoa msimamizi kwa nguvu kunawezekana, lakini jueni mahakama inaangalia nini. Mwaka 1884, katika rufaa iliyotoka Rasi ya Tumaini Jema, ambayo leo ni sehemu ya Afrika Kusini, kesi ya Letterstedt na Broers, iliwekwa wazi kwamba kinachotazamwa ni maslahi ya wanufaika, na kwamba uhasama kati yao na mwangalizi peke yake hautoshi. Kwa hiyo msipeleke mahakamani maneno aliyowatolea msibani. Pelekeni orodha ambayo hajawahi kuwasilisha, kodi isiyoonekana, nyumba iliyouzwa bila idhini. Tanzania na Kenya zote mbili zinatambua kushindwa kutoa orodha au hesabu kuwa sababu ya kufuta uteuzi.

Msichelewe mno, maana muda unawabana na ninyi. Uingereza, dai la fungu katika mali isiyo ardhi lina ukomo wa miaka 12. Mali ambayo msimamizi bado ameishika, au aliyoigeuza yake kwa hila, sheria ile haimpi kinga ya muda, lakini mali iliyouzwa kwa mtu mwingine asiye na habari huenda isirudi kabisa. Kila nchi ina hesabu yake ya miaka. Ulizeni ya kwenu mapema.

Basi kwa mnaotaka kuanza, warithi andikeni barua fupi, ya heshima, isiyo na lawama. Inatosha kusema: "Kaka, tunashukuru kwa kazi uliyoifanya tangu baba afariki. Tunaomba orodha ya mali kama ilivyokuwa siku ya kifo, na hesabu ya mapato na matumizi mpaka leo, pamoja na nakala za risiti zilizopo. Tunaomba ndani ya siku 60. Gharama za kuiandaa zitoke kwenye mirathi." Tieni sahihi wote, mtunze nakala yenye tarehe aliyoipokea. Siku 60 zikipita bila jibu, barua hiyohiyo ndiyo kiambatisho cha kwanza cha ombi lenu mahakamani la kumwita atoe hesabu. Kumwita atoe hesabu, siyo kumfukuza. Hilo la pili mtaliamua mkishaiona.

Nawe msimamizi ukiipokea barua hiyo, usiichukue kama tusi. Ijibu ndani ya wiki hata kama hesabu haiko tayari, sema utaikamilisha lini. Ikikamilika, wape nakala wote siku moja, wapeni muda wa kuisoma kabla ya kikao, na kikao kiwe cha hesabu tu. Mgawo upangiwe siku nyingine. Na mkifika kwenye mgawo, kila anayepokea atie sahihi ya kupokea na ya kuridhika, hati zihamishwe majina, akaunti ya mirathi ifungwe, hesabu ya mwisho ipelekwe mahakamani, jalada lifungwe. Mpaka karatasi hiyo ya mwisho itoke, bado wewe ni mdaiwa wa maelezo.

Nakaribisha maswali. Naomba tuanze na wale ambao msimamizi wao amefariki na kodi bado inakusanywa, kwa sababu leo hii mirathi yao haina mwenye mamlaka.